Udhibiti, Kamari na Mpaka: Istilahi za Ushirikiano wa Wadhibiti wa Michezo ya Kubahatisha

Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, umekaa mpakani kabisa. Upande wa pili ni Nakonde, mji wa Zambia, na mgeni asiyeelekezwa aweza kufuata mtaa akidhani angali Tanzania, kumbe amekwisha kuingia nchi nyingine. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili na lugha yao haikukatwa na mpaka. Shilingi na kwacha hubadilishwa barabarani. Reli ya TAZARA na bomba la mafuta la TAZAMA hupita hapo, pamoja na malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ambamo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, ili msafiri na mzigo wake visikaguliwe mara mbili katika majengo mawili.

Maofisa wa forodha wa pande hizo mbili wana bahati moja ambayo watu wengine hawana. Fomu zao zina majina yaliyokubaliwa: mzigo, thamani, asili ya bidhaa, ushuru. Mtu wa Nakonde na mtu wa Tunduma wakitaja jambo moja, wanajua kuwa wanataja jambo lile lile. Makala haya yanahusu kazi nyingine ya serikali ambayo nayo huvuka mipaka, lakini ambayo majina yake katika Kiswahili bado hayajatulia: kazi ya kudhibiti michezo ya kubahatisha. Nia yetu si kuhukumu kama michezo hiyo ni mema au maovu. Nia ni kumwonyesha mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali mahali ambapo neno moja linabeba mizigo mingi, na kupendekeza namna ya kuigawa.

Kwa nini wadhibiti hushirikiana

Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa tangu mwaka 1974. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo sasa ni Sura ya 41 ya sheria za nchi, ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Bodi hutoa leseni, hukagua waendeshaji na huwachukulia hatua wanaokiuka masharti. Uganda ilitunga sheria yake ya bahati nasibu na michezo hiyo mwaka 2016. Kenya iliunda bodi yake kwa sheria ya mwaka 1966, na mwaka 2025 ikapitisha sheria mpya inayoanzisha mamlaka mpya. Zambia nayo ina sheria zake na leseni zake.

Kila mdhibiti ana nguvu ndani ya mipaka ya nchi yake tu, lakini mambo anayoyadhibiti hayakai ndani ya mipaka hiyo. Kampuni moja huweza kuwa na leseni katika nchi tatu. Mashine iliyoondolewa katika mji mmoja huweza kupakiwa katika gari na kuonekana katika mji mwingine. Simu ya mkononi iliyo Tunduma huweza kunasa mawimbi ya Tanzania na ya Zambia, na mwenye simu hiyo akacheza katika mtandao ambao seva yake haiko katika nchi yo yote kati ya hizo mbili.

Sababu nyingine ni fedha haramu. Mtu aliyepata fedha kwa uhalifu huweza kuingia kasino, akanunua vibao vinavyotumika humo badala ya fedha, akacheza kidogo, kisha akavirudisha na kulipwa kwa hundi. Akiulizwa atasema alishinda. Kwa sababu hiyo mapendekezo 40 ya kikosi kazi cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu yanaitaka kila nchi ihakikishe kuwa kasino zina leseni, kwamba wahalifu hawazimiliki kwa siri, na kwamba mteja anatambuliwa anapofikia muamala wa dola au yuro 3,000. Pendekezo la 40 lahusu hasa ushirikiano wa mamlaka za nchi mbalimbali. Umoja wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika unaoshughulikia jambo hilo una makao yake Dar es Salaam, na Tanzania na Zambia zote ni wanachama. Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu mwezi wa Oktoba 2022, ikaondolewa mwezi wa Juni 2025. Miongoni mwa mambo iliyotakiwa kuyarekebisha ni usimamizi wa taasisi za fedha na wa biashara zisizo za kibenki, na kasino zimo katika kundi hilo la pili. Si jambo dogo basi kama mdhibiti wa nchi moja anaelewa au haelewi alichoandikiwa na mwenzake.

Barua za wadhibiti hao aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Mtu aweza kuuliza Kiswahili kinaingia wapi. Jibu ni kwamba barua hupita mpaka kwa Kiingereza, lakini utekelezaji wake hufanywa kwa Kiswahili. Agizo litokanalo na barua hiyo litamfikia mkaguzi, polisi, mtendaji wa kata, mwenye duka lenye mashine, na hatimaye mchezaji mwenyewe. Hao wote watalisoma kwa Kiswahili. Tena, tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambayo Zambia ni mwanachama wake. Mfasiri hawezi tena kusema kwamba kosa la neno litasahihishwa na nakala ya Kiingereza.

Kamari na mchezo wa kubahatisha

Neno kamari lina asili ya Kiarabu, na limekaa katika Kiswahili kwa muda mrefu likiwa na doa. Mtu akisema kuwa fulani ni mcheza kamari, hasemi kuwa fulani ana burudani. Watunga sheria wa Tanzania walitaka jina lisilo na doa hilo, wakatumia michezo ya kubahatisha. Hivyo katika matumizi ya Tanzania maneno hayo mawili yamegawana kazi: lile la kwanza hutumika kwa karata tatu za stendi ya mabasi na kwa watu wanaokamatwa vichochoroni, na hili la pili hutumika kwa shughuli yenye leseni.

Lakini mgawo huo haukuvuka mpaka wa kaskazini. Katika magazeti ya Kiswahili ya Kenya, kampuni yenye leseni na inayolipa kodi huitwa kampuni ya kamari bila kuwa na nia ya kuishutumu. Msomaji wa Nairobi anaona jina la biashara. Msomaji wa Vwawa au Mbozi anaona shutuma. Lugha ni moja, lakini habari aliyoipata kila mmoja ni tofauti, na hakuna hata mmoja anayejua kuwa mwenzake ameelewa vingine. Hatari ya maneno ya namna hii ni kubwa kuliko ya neno geni, kwa kuwa neno geni humfanya msomaji asite na kuuliza.

Pendekezo letu ni kwamba katika hati zinazokusudiwa kutumika katika nchi zaidi ya moja, neno kamari lisitumike kabisa kama istilahi. Badala yake pawepo mchezo wa kubahatisha wenye leseni na mchezo wa kubahatisha usio na leseni. Maneno ni marefu, lakini yanasema jambo linaloweza kuthibitishwa kwa kutazama karatasi. Kamari ibaki katika mahubiri, katika methali na katika maongezi ya nyumbani, ambako ina kazi yake ya haki.

Twahitaji pia kueleza mchezo wa kubahatisha ni nini, maana si kila mchezo wenye bahati unaingia humo. Watoto wakirusha sarafu kuamua nani aanze, wanabahatisha, lakini hawahitaji leseni. Mambo matatu sharti yakutane: mchezaji atoe kitu chenye thamani, yaani dau, tokeo lisiwe hakika, na pawepo tuzo kwa atakayeshinda. Likikosekana moja, mdhibiti hana kazi hapo.

Ubashiri na mkeka

Kubashiri, kwa maana yake ya zamani, ni kutoa habari ya jambo lijalo, hasa jambo jema. Katika miaka ya karibuni neno hili limechukuliwa na biashara ya kuweka fedha juu ya matokeo ya mpira. Mtangazaji wa redio akiwaambia wasikilizaji wabashiri, hamna katika neno hilo sauti ya fedha inayotoka mfukoni. Linamsifu msikilizaji kwa ujuzi wake wa soka na kunyamazia dau lake. Vijana wenyewe, ambao hawana haja ya kuficha, wanasema kubeti, na karatasi yenye michezo mingi iliyounganishwa wanaiita mkeka. Mchezo mmoja ukienda kinyume, wanasema mkeka umechanika. Mashine za sarafu zinazowekwa madukani wanaziita dubwi. Maneno haya yana uhai na uwazi, na mkaguzi asiyeyajua hatawaelewa watu anaowahoji.

Hata hivyo hati rasmi haiwezi kusema dubwi, kwa kuwa Nakonde au Kampala huenda neno hilo halina maana. Twapendekeza ubashiri wa dau kwa shughuli hiyo ya matokeo ya michezo, na mashine ya kubahatisha kwa hiyo inayoitwa dubwi. Neno dau likiwekwa wazi, kinachokatazwa kwa mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 kinaeleweka: hakatazwi kusema timu gani itashinda, anakatazwa kuweka fedha. Mwalimu wa shule ya Tunduma anayewaonya wanafunzi wake atakuwa na neno lisilobishaniwa. Kwamba dau ni jina la chombo cha baharini pia si kikwazo, kwani muktadha hutenga maana hizo mbili bila taabu.

Udhibiti unaofanya kazi nyingi mno

Sasa tufike kwenye neno lenyewe la ushirikiano huu. Kudhibiti ni kushika kwa nguvu, kuweka jambo lisiponyoke. Tazama kazi ambazo neno hili limepewa serikalini. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji inadhibiti jambo ambalo sote twalitaka liendelee: maji na umeme. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inadhibiti jambo ambalo twataka likome. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anachunga fedha za umma.  Neno ni lile lile kwa kuruhusu, kukomesha na kuchunga.

Ndani ya ofisi moja hakuna tatizo, kwani kila mtu anajua kazi yake. Tatizo hutokea neno likisafiri peke yake. Tuchukue mfano wa agizo lisemalo: „Dhibitini mashine za kubahatisha katika kata zenu.” Mtendaji wa kata mmoja ataomba leseni za wenye mashine, aandike namba zao na kuziacha ziendelee. Mwingine atazikusanya zote, zenye leseni na zisizo na leseni, na kuzifungia stoo. Wote wawili wametii. Mwenye leseni aliyenyang'anywa mashine yake amepata hasara ambayo chanzo chake si sheria wala chuki, bali ni kitenzi.

Kwa hiyo twapendekeza kazi zigawanywe hivi. Udhibiti uwe jina la mfumo mzima wa kuruhusu shughuli halali kwa masharti na kuhakikisha masharti yanafuatwa. Uzuiaji uwe jina la hatua dhidi ya shughuli isiyoruhusiwa. Ukaguzi uwe tendo la kwenda mahali na kutazama. Mdhibiti, katika hati za kimataifa, liwe jina la chombo na si la mtu. Ofisa anayetumwa na chombo hicho aitwe mkaguzi au ofisa wa mdhibiti, kadiri ya kazi yake. Agizo la mfano wetu lingesomeka basi: „Kagueni mashine zote, zuieni zisizo na leseni.” Maneno hayo hayana nafasi ya kukosewa.

Kufungiwa ni nini?

Swali ambalo mdhibiti humwuliza mwenzake mara nyingi kuliko yote ni hili: kampuni hii inayoomba leseni kwetu ina sifa gani kwenu? Jibu lake hutegemea maneno machache sana.

Mwaka 2019 Kenya haikuhuisha leseni za kampuni nyingi za ubashiri wa dau kutokana na mvutano wa kodi, na baadhi yake zilikuwa na shughuli katika nchi jirani. Katika mazungumzo ya watu wa kawaida jambo hilo liliitwa kufungiwa. Lakini kufungiwa ni mambo manne tofauti. Leseni huweza kuwa imekwisha muda na mdhibiti akakataa kuipa muda mpya: huko ni kutohuisha leseni. Huweza kuwa ingali hai lakini matumizi yake yamezuiwa kwa muda mpaka uchunguzi uishe: huko ni kusimamisha leseni. Huweza kuwa imeondolewa moja kwa moja kwa kosa lililothibitishwa: huko ni kufuta leseni. Na mwenye leseni huweza kuirudisha mwenyewe kwa hiari: huko ni kusalimisha leseni.

Mdhibiti wa nchi ya pili atatenda tofauti kwa kila moja ya hali hizo nne. Kampuni iliyofutiwa leseni kwa udanganyifu haifai kupewa nyingine. Kampuni iliyosimamishwa haijahukumiwa, na kuinyima leseni kwa sababu hiyo pekee ni kuihukumu kabla ya wakati. Mfasiri aliyeandika imefungiwa amefuta tofauti zote hizo kwa neno moja, na hakuna atakayegundua, kwa sababu sentensi yake ni Kiswahili sanifu kisicho na kasoro ya sarufi. Kosa la istilahi mara nyingi huwa hivyo.

Tofauti kama hiyo ipo kati ya leseni na kibali. Twapendekeza leseni iwe ruhusa ya kuendesha shughuli kwa kipindi kilichowekwa, na kibali kiwe ruhusa ya tendo moja, kama kuingiza mashine nchini kupitia Tunduma. Mwenye kibali cha kuingiza mashine hana kwa hicho ruhusa ya kuichezesha.

Mamlaka na eneo lake

Neno la mwisho ni mamlaka. Kwetu lina maana ya nguvu ya kutenda, na pia ni jina la chombo chenye nguvu hiyo. Sentensi kama „Mamlaka haikuwa na mamlaka” si mzaha, huweza kuandikwa na mtu mwenye nia njema. Katika ushirikiano wa wadhibiti kuna dhana ya tatu, nayo ni mahali nguvu hiyo inapokoma. Twapendekeza iitwe eneo la mamlaka.

Dhana hii ndiyo inayomgusa mwananchi wa mpakani kuliko nyingine zote. Tuseme mkazi wa Tunduma ameweka dau kwa simu, akashinda, asilipwe. Ataenda kulalamika wapi? Hakulipa katika duka lenye bango ukutani. Kama mwendeshaji ana leseni ya Tanzania, mlango wake ni Bodi. Kama leseni ni ya Zambia, mdhibiti wa Tanzania anaweza kumsaidia kwa kumwandikia mwenzake tu, ikiwa ipo hati ya makubaliano baina yao. Kama hakuna leseni po pote, hana mdai wala mdaiwa anayejulikana. Mwananchi huyo hahitaji kujua sheria za kimataifa. Anahitaji tangazo la Kiswahili linalomwambia, kabla hajatoa fedha, kwamba mchezo ulio nje ya eneo la mamlaka la Bodi haulindwi na Bodi, na namna ya kutambua ulio ndani. Tangazo hilo haliwezi kuandikwa vizuri na mtu ambaye hana neno la jambo analolionya.

Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa hapa hazikubuniwa upya. Takriban zote ni maneno ambayo Kiswahili kilikuwa nayo: dau, leseni, kibali, kufuta, kusimamisha, kuzuia, kukagua. Kazi iliyobaki ni kukubaliana kwamba kila moja libebe mzigo mmoja, na kulishika hilo katika kila waraka. Wafasiri wa Kenya na Uganda nao washirikishwe mapema, kwani mapatano ya istilahi yanayofanywa upande mmoja wa mpaka yatazaa tatizo lile lile la kamari tulilolieleza.

Twawaomba watumishi walioko mikoa ya mpakani, Songwe ikiwa mojawapo, walikusanyie Baraza maneno yanayotumika huko kwa mambo haya, pamoja na sentensi yalimosikika. Walimu wa Tunduma wanaosikia Kinyamwanga na Kibemba kila siku watakuwa na mengi ya kutufunza. Neno likisikika sokoni kabla halijafika ofisini, huwa limekwisha kupimwa na watu, na kamati ya istilahi haina budi kulitazama kwa heshima kabla ya kuliweka kando.